Barafu Iliushindwa Msitu Wetu

Tumaini, nimetoka kikao cha ukoo hapa Kinole. Nimedhalilishwa!

Mjomba Ernest anataka kufyeka msitu wetu wa matambiko apande karafuu. Nikasimama na shairi: enzi ya barafu maji mengi yaliganda mbali kaskazini, dunia ikakauka, misitu mingi ikafa, wanyama wakatoweka kabisa, lakini mvua ya Uluguru haikukoma, viumbe kama vinyonga wakajificha hapa wakapona.

Akacheka! “Barafu Kinole, mpwa wangu? Ya jokofu la nani?”

Jokofu la nani! Ukoo mzima ukaangua kicheko.

Vinyonga walioivuka enzi ya barafu wanamalizwa na mzee mwenye msumeno wa kuazima!

Eti mjomba akisema, mpwa hajibu. Kesho waje kufyeka. Watanikuta juu ya mti wa kwanza, nawasomea beti zote upya.