Sepetu la Baba Lisisafiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na dada Mwanahamisi Ijumaa baada ya swala, mama akiwa jikoni anasikiliza huku akijifanya hasikilizi. Nanyi nyote mlioketi hapo barazani Changamwe, nawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Baba, macho yako yameipokeaje ile dawa? Na goti la mama? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Uingereza haijanizoea.

Uliniagiza, kabla ya kulitoa sepetu lako la kutilia makaa, nikalione kwanza jumba la makumbusho ya sayansi lililoliomba, nikuarifu kama ni mahali pa heshima. Nilikwenda Jumamosi. Nimerudi na karaha.

Magari ya moshi ya zamani yamepangwa ukumbini, yameng'arishwa kama masinia ya harusi. Moja ni la aina uliyoifanyia kazi. Nililigusa ubavuni, lilikuwa baridi, halina hata tone la mafuta. Ndani ya tanuri lake wamewasha taa nyekundu. Wageni hupanga foleni, wakapewa makaa ya sponji wayatupe humo, kisha hubonyeza kitufe honi ilie. Nikamkumbuka mama, aliyekuwa akisubiri honi yako penye kona ndipo ateleke wali. Hapa angeteleka kutwa. Nami, nakiri mbele yenu, nilipanga foleni, nikatupa, nikacheka. Karaha yangu ya kwanza ni juu ya nafsi yangu.

Kisha nikapanda ngazi ya gari hilo. Dereva ni sanamu ya nta, Mzungu, ameandikiwa jina lake kamili, mji aliozaliwa, hata jina la mbwa wake. Kando yake ipo sanamu nyeusi, imeinamia moto huku imekenua meno yote. Kibao chake kina neno moja: Msaidizi.

Baba, wewe hukukenua meno mbele ya moto ule. Ulirudi nyumbani nyusi zimeungua na mikono ina malengelenge, mama akakupaka asali. Na mtu akikuita msaidizi, hata chai ilikuwa haikushuki. Ulikuwa ukisema, "Mimi ni fayamani, mtia makaa. Msaidizi ni dereva. Bila moto wangu angekaa pale kama bwana harusi aliyekimbiwa."

Nilimtafuta msimamizi, mtu mpole mwenye tai, nikamuuliza huyu ni nani. Akasema hawana kumbukumbu ya jina. Nikamwambia jina ninalo, la baba yangu, aliyeishika kazi hiyo mpaka magari ya moshi yalipoachwa, na ndiye mwenye sepetu waliloliomba. Uso wake ukachanua.

"Vizuri sana," akasema, akiitazama ile sanamu nyeusi. "Mikono yake imekuwa mitupu muda mrefu. Litamkaa sawasawa."

Nikauliza kama jina lako litaandikwa. Akanijibu kwa adabu kwamba kibao ni kidogo, na wageni hawapendi kusoma mengi. Habari za mbwa, niliona, zilikuwa zimeenea kibaoni.

Nawaomba mnisikilize, jamaa zangu. Sepetu hilo majirani huja kuliazima wakifiwa. Ndilo lililomfukia bibi yetu, na wengi waliomtangulia na waliomfuata. Kitu ambacho bado kina kazi yake hakisimamishwi kikatazamwa, tena mkononi mwa sanamu inayocheka. Uamuzi ni wako, Baba. Lakini uliniuliza kama ni mahali pa heshima, na jibu langu ni hapana.

Nisalimieni shangazi wa Bombolulu, na mjomba seremala wa Timbwani. Mwambieni lile sanduku alilolichonga kwa ajili ya safari halitapotea bure, mama atatilia unga. Na akija mtu kuazima sepetu, asiambiwe limefungwa.

Dada, ukimaliza kusoma, lifungue sanduku, umpe Baba sepetu lake alishike.

Ni mimi, binti wa fayamani,
Zuhura