Pontiac ya Kijani na Mguu Wangu wa Kushoto

Mtaa wa Oak,
Wyandotte, Michigan.
2 Septemba, 2012

Mpendwa Dada Paulette,

U hali gani huko Alaska? Kifua kimetulia, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Na yule dubu anayepekua pipa lako la taka, bado anakuja kama mtu wa familia? Sisi huku tupo, tunakula vizuri. Connie wangu amepika pierogi za viazi, zile za unga za Kipolandi, hadi friji haifungi, na anasema wa kulaumiwa ni wewe uliyehamia mbali badala ya kubaki hapa utusaidie kuzila.

Nianze na habari njema. Lile gari letu la kijani, ile Pontiac, limerudi barabarani. Nasema letu kwa sababu ni wewe uliyenipeleka kulichukua nilipokuwa kijana wa sekondari, na ni wewe uliyenifundisha kukanyaga klachi kwenye uwanja wa kanisa, huku ukipiga dashibodi kofi kila liliponizimikia. Mpaka leo nikisikia gari la mtu likizimika kwenye taa, bega langu linajikunja lenyewe, nikisubiri matusi yako.

Unaikumbuka sakafu yake. Chumvi wanayomwaga huku barabarani kuyeyusha theluji kila majira ya baridi ilikuwa imeila hadi ukikaa unaona lami ikipita chini ya viatu. Nikamwita Walt Tomczak, jirani yetu aliyestaafu uchomeleaji kiwandani. Aliingia chini ya gari, akatoka na kuvua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Darrell," akaniambia, "hili gari linashikiliwa na rangi tu."

Mpango ulikuwa sakafu peke yake. Lakini wewe unatujua watu wa huku. Kung'oa sakafu tukaona mabomba ya breki yameoza. Kwa kuwa tumefika kwenye breki, Walt akasema tuweke za diski mbele, za kisasa, kwani zile za zamani zilikuwa zinasimamisha gari kwa kuliomba. Kutoka breki tukahamia rejeta, kutoka rejeta nyaya, kutoka nyaya viti. Connie aliuliza kama kuna kitu chochote cha zamani kitakachobaki. Walt akamjibu kwamba yupo mwenye gari.

Naandika "tukaona" na "tukahamia" kwa kujipendelea. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo. Nilikuandikia wakati wa Pasaka habari za mgongo wangu na mshipa wa fahamu uliobanwa. Basi mguu wa kushoto ulilala na haukuamka tena. Kuanzia kifundo unaning'inia tu kama soksi kwenye kamba. Kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo nikatoa maagizo, na kila nilipoanza kutoa agizo Walt aliongeza sauti ya redio asikilize besiboli.

Sasa dada, hapa usicheke, au cheka kidogo. Gari lilipokuwa limeunganika, mwezi Julai, Walt alikwenda kwa mwanawe na mimi nikabaki nalo peke yangu. Nikajiambia mguu ukikataa kukanyaga klachi, mkono utaukanyagisha. Nikawasha. Nikalisukuma goti la kushoto chini kwa mkono wa kushoto, nikaingiza gia kwa mkono wa kulia, nikaachia goti taratibu, na gari likaondoka kwa madaha kabisa. Nikafurahi sana. Nikatoka nalo hadi kwenye kichochoro cha nyuma, na hapo ndipo nilipotaka kuingiza gia ya pili.

Lilimeza mapipa yote ya taka ya jirani yetu Mama Skrzycki, likasimama kwenye uzio wake. Hakuna aliyeumia, na bampa ya magari ya zamani haijui kubonyea. Connie alikuja mbio na taulo la jikoni mkononi. Hakupiga kelele. Alitazama mkono wangu mmoja ulio kwenye goti, akatazama wa pili ulio kwenye gia, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Darrell, usukani ulikuwa umeshikwa na nani?"



Baada ya hapo lilibaki swali moja tu: giaboksi. Watu wa magari wa mji huu hawakuulizi hali yako. Wanauliza kama namba za injini na giaboksi ni zilezile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Nami miaka yote nilikuwa najibu kwa kutanua kifua. Anayetoa giaboksi ya asili akaweka ya otomatiki, isiyohitaji klachi, wanamtazama kama mtu aliyemuuza mama yake mzazi. Nilizunguka na jambo hilo, nikalala nalo, nikaamka nalo. Walt alichoka kunisubiri. Alisimama mbele ya ndoo yangu akaniambia:

"Mzee, unataka kuliendesha au unataka kulisifia?"

Nikamwambia aitoe. Kisha nikaingia ndani, nikafunga dirisha la jikoni nisiisikie ikishuka. Nilivunja mayai nikakaanga, ingawa hakuna aliyekuwa na njaa.

Nisikudanganye, Agosti ilikuwa tamu. Niliendesha barabara ya Biddle yote kando ya mto, vioo chini, na watu wakiwa barabarani wakinipungia mkono. Lilibadili gia lenyewe bila kuniuliza. Mkono wa kulia ulikuwa ukienda kwenye gia kila mara, unakuta hakuna kazi, unarudi pajani kwa aibu. Lakini nilikuwa naendesha, Paulette. Connie alikaa pembeni amefunga kitambaa kichwani kama msichana, na hakuna aliyeuliza habari ya usukani.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha niandike. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa ndani ya gari uani, namsubiri Connie twende misa. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kikaanza kuchoma kama sindano. Nikakanyaga breki kujaribu, na sikuwa na hakika kama nimeikanyaga. Ilibidi nichungulie chini nihakikishe. Wewe ndiye niliyekueleza jinsi ule wa kushoto ulivyoanza, kwa kidole hichohicho, kwa hiyo sina haja ya kumalizia.

Connie akatoka na mkoba wake. Nikahamia kiti cha pembeni, nikampa ufunguo. Nilimwambia gari zuri namna hii nami nataka siku moja nipelekwe. Alinitazama kidogo, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuliendesha. Gia za mkono zilimshinda tangu tulipokuwa wachumba. Basi akalitoa. Kufika kanisani alikuwa amewiva uso, anacheka peke yake. Tangu siku hiyo analiendesha kila mahali. Jana alikwenda kununua mkate, akarudi baada ya saa nzima, na mkate kausahau.

Daktari nitamwona katikati ya mwezi. Sijui atasema nini, yaani najua. Walt hajui chochote na anataka tubadili ekzosi. Connie anadhani nimekuwa mume mkarimu uzeeni, na anaupokea ukarimu huo kwa furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Ungeweza kuja kabla ya theluji? Yeye ataendesha, mimi na wewe tutakaa kiti cha nyuma. Labda ukiwepo nitaweza kumwambia. Nimeyapanga maneno mara nyingi, dada, na kila nikifungua mdomo ananiwahi kuniuliza kama nimeona alivyolipaki. Nami namwambia amelipaki vizuri.

Msalimie shemeji Roland na umwambie bado nina spana yake. Wabusu Tammy na wajukuu. Walt anakusalimu, na Mama Skrzycki pia, kwani amenisamehe baada ya kupata mapipa mapya. Mungu akulinde na baridi, na dubu amlinde na wewe.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda tangu siku za makofi ya dashibodi,

Darrell