Pazia Limemkataa Mama Nzai

Bi Mishi, shikamoo. Najua barua nyingi zinazokufikia ni za waume na mawifi na yangu ni ya pazia, lakini naomba uisome hadi mwisho kabla hujacheka, maana mimi mwenyewe kicheko kimeniisha na sina mtu mwengine wa kumwambia haya.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, naishi Mtopanga na mama yangu, na mwezi ujao natarajia kufuzu chuoni. Nasomea sanaa ya kompyuta, ile ambayo si ya kutazamwa tu, mtu akisogea au akipunga mkono nayo inamjibu, na kila nikieleza hivyo majirani huniuliza kama naweza kuwatengenezea simu zao, basi nimezoea. Kwa mradi wangu wa mwisho nilishona pazia jeupe kubwa, nikafunga kamera na projekta, na mtu akisimama mbele yake akainua mikono, maua yanaota kutoka chini ya pazia, yanapanda yakichanua mpaka juu, na akishusha mikono yanapukutika polepole. Niliomba nilitundike nyuma ya madhabahu katika kanisa letu la mabati, kwa kuwa watu wa pale huinua mikono kila Jumapili bila kuombwa, na Mchungaji Kefa akakubali, akasema vijana wamelikimbia kanisa, huenda hili likawarudisha. Tulipatana tusimwambie mtu, hata mama, na kwamba siku ya kwanza, baada ya mahubiri, atanisimamisha nieleze kuwa ni kazi yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, Bi Mishi. Mahubiri hayajaisha, mama yangu akatoka kwenye benchi akaenda mbele. Mama tangu baba afariki alikuwa haimbi, anakuja kanisani anakaa, anarudi nyumbani anakaa, hata chakula ni mpaka nimshikie sahani. Siku hiyo aliinua mikono, pazia lote likajaa maua, naye akaanza kulia na kuimba kwa pamoja, kanisa zima likasimama, na Mchungaji akasema, "Mungu amemjibu dada yetu." Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na laptopu mapajani. Ningetoka wakati ule ule nikasema. Sikutoka, na si kwa ajili ya mama peke yake, kusema kweli nilifurahi, kazi yangu ilikuwa inafanya vile vile nilivyoiwazia na nilitaka niitazame kidogo tu. Ibada ikaisha, Mchungaji hakuniita, nami sikujitokeza.

Kamera nilikuwa nimeificha kwenye maua ya plastiki, na projekta iko juu kwenye kenchi ambako hakuna anayeangalia, kwa hivyo haikuchukua muda watu wakaanza kupanga foleni mbele ya pazia kama wanaokwenda kuombewa. Nikamwendea Mchungaji nikamwambia watu wameelewa vibaya. Akaniambia, "Binti yangu, Mungu hutumia chochote. Wewe fuzu kwanza, halafu tutawaeleza pole pole."

Sasa kuna bibi jirani yetu, Mama Nzai, sisi vijana twamwita hawe, yaani nyanya, ndiye aliyetuuzia mahamri na mbaazi tangu niko nasari. Jumapili moja akaingia foleni naye. Mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua tangu alipoteleza kisimani akavunjika bega, na wa kushoto ndio anaoshikia mkongojo. Alisimama akaimba kwa kisauti chake, na pazia likabaki jeupe. Akangoja. Akangoja tena, kisha akageuka akatutazama, akarudi kukaa. Jumapili iliyofuata akajaribu tena, ikawa vile vile.

Bi Mishi, kamera haimjui mtu, haijui dhambi wala imani. Ndani ya programu nimechora mstari, kitu chochote kikiinuka kutoka chini kikaupita mstari huo maua yanaota, na mstari wenyewe niliupimia mikono yangu na ya wenzangu darasani, basi. Lakini watu wameanza kunong'ona kuwa pazia limemkataa, na wewe ni mtu wa huku, unajua ajuza mwenye mvi anayeishi peke yake akishakataliwa na kitu kinachosemwa ni cha Mungu huitwa nani. Mahamri yake hayanunuliwi. Akina mama wakipita kwake huvuta watoto wao upande wa pili. Wiki jana vijana wawili wa kwaya walimwambia mwanawe, Nzai, anayefanya kazi Changamwe, amhamishe mama yake kabla wao hawajamhamisha. Na mama yangu mwenyewe, ambaye baba alipofariki alilala matangani kichwa chake kiko mapajani mwa Mama Nzai, amenikataza kupokea kitu chochote kutoka mkononi mwake.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Jumapili ya pili kutoka leo ni ibada ya shukrani ya kufuzu kwangu, na wahadhiri wangu wanakuja kanisani siku hiyo kuiona kazi na kuipa alama. Nikisema kweli kabla ya hapo, Mchungaji atalishusha pazia, hakutakuwa na cha kutazamwa, na sitavaa joho na wenzangu. Lakini hilo naweza kulivumilia. Nisiloweza ni kumwambia mama kwamba aliyemjibu ni mimi na laptopu yangu. Siku hizi akifua anaimba, Bi Mishi. Anajipikia. Nitamrudishaje kule alikotoka?

Basi nimefikiria. Ule mstari ni namba moja tu, nikiushusha, Mama Nzai akifikisha mkono kifuani maua yataota, watu watamkubali, na maneno yataisha bila mtu kuumia. Je, niushushe kimya kimya? Nishauri tafadhali, maana nikimwona hawe amekaa na kikapu chake kimejaa mchana kutwa, najihisi mimi ndiye mchawi.

Mwenye Pazia, Mtopanga

BI MISHI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Nimekusoma mara mbili chai yangu ikapoa, kisha nikakupigia kwenye namba uliyotumia kuniletea barua hii, hukushika. Asubuhi nikapiga tena, hukushika. Basi nakujibu gazetini, majina ya watu nimeyageuza, na popote unaponisoma ujue nimeudhika nawe na ninakuhurumia vile vile, na huruma ndiyo nyingi.

Mimi ni Muislamu, ibada zenu sizijui na sitazihukumu. Lakini hili la kutengeneza kitu kwa mikono yako, ukakiona kinapendwa, ukasema ngoja nikitazame kidogo, hilo nalijua, na sikulaumu kwa furaha ya siku ile. Nani asingefurahi? Ungekuwa mwanangu ningekupikia biriani. Tatizo lako lilianza Jumapili ya pili yake, uliporudi chumba kile cha nyuma ukaiwasha tena huku ukijua watu wanadhani nini.

Sasa hiyo namba yako. Usiiguse. Hebu fikiri nami. Umeushusha mstari, Mama Nzai kaenda mbele na mkono wake mbovu, maua yameota, watu wanapiga makofi. Watasema pazia lilikosea? Hata. Watasema ametubu. Watasema alikuwa mchawi kweli na sasa ameacha, na wale vijana wawili watajisifu kuwa vitisho vyao ndivyo vilivyomnyoosha. Utakuwa umemsamehesha bibi wa watu kosa asilolifanya, na atazikwa nalo. Halafu wiki ijayo atakuja mwengine, mama aliyebeba mtoto mikono miwili au mzee aliyepooza, na wewe utarudi kwenye laptopu kushusha mstari tena. Mpaka lini?

La haraka si kanisa wala chuo. Wale vijana wamemtisha mwanawe, na maneno kama yale kwetu hayaachwi yakae. Leo hii mpigie Nzai umwambie yote, pazia, kamera, mstari, usimfiche hata moja. Akikutukana, vumilia, ana haki. Kisha amchukue mama yake akakae naye Changamwe siku hizi chache, na wewe na yeye mwende pamoja kwa mzee wa mtaa na kwa chifu mkawataje hao vijana kwa majina. Najua mnasali kanisa moja. Wataje hivyo hivyo.

Ya mama yako nimeyafikiria sana, maana hapo ndipo barua yako iliponiuma. Lakini mwanangu, hebu soma ulichoandika kwa mkono wako. Umesema mahubiri hayajaisha, akatoka kwenye benchi akaenda mbele. Wakati huo pazia lilikuwa na nini? Lilikuwa jeupe. Hapakuwa na ua hata moja wala mtu aliyejua kuwa maua yapo, ukiacha wewe na Mchungaji. Mwanamke ambaye hata sahani hushikiwa alisimama mwenyewe, akatembea mwenyewe mbele za watu, akainua mikono yake mwenyewe. Maua yako yalikuja baadaye. Kilichomwinua sikijui mimi, muulize yeye, lakini si wewe na wala si laptopu yako, na usijipe ukubwa huo.

Mwambie nyumbani, nyinyi wawili tu, kabla mtu yeyote wa kanisani hajasikia. Usimwachie aibu ya kuyajulia kanisani. Atakasirika. Huenda akalia, huenda akakunyamazia kwa siku kadhaa, nawe utampikia na utakaa karibu naye. Usianze kujitetea. Akitulia mkumbushe benchi lile. Na mkumbushe mapaja ya Mama Nzai, maana hilo nalo atataka kulia juu yake akishaelewa amemtendea nini.

Mchungaji Kefa usimfanye shetani. Kanisa likianza kuwa tupu humtisha aliyelijenga, na yeye aliona watu wanarudi akafumba macho. Lakini usimwendee kumuomba ruhusa, ulimuomba mara moja akakwambia fuzu kwanza. Mwendee na mama yako, mumwambie umeshaamua kusema, na unampa nafasi ya kusimama upande wako siku hiyo. Mtu akipewa nafasi ya kuheshimika mara nyingi huichukua. Akikataa, utasemea nje ya lango watu wakitoka, na utasema kwa sauti.

Wahadhiri wako nao wapigie kabla hawajapanda gari. Waeleze kazi imefanya nini mtaani. Mimi sijui wanatoaje alama, lakini wakikwambia rudi mwaka ujao, utarudi mwaka ujao. Joho halichachi. Najua mama yako ameshawaambia watu, najua utawaona wenzako kwenye picha utalia. Lia, kisha endelea. Kazi unayoitaka ni ya kutengeneza vitu vinavyowajibu watu, na hutaipata nafasi nyengine ya kujifunza mapema hivi kwamba kitu kinachomjibu mmoja kinaweza kumnyamazia mwengine, na aliyenyamaziwa huumia.

Na Jumapili hiyo pazia lisishushwe. Litundike kama kawaida. Itoe kamera kwenye yale maua ya plastiki, uiweke mezani kila mtu aione. Kisha chukua ufagio wa kufagilia kanisa, uinue juu mbele yao wote, unyamaze. Ufagio ukipita mstari wako, pazia litajaa maua kama lilivyowajazia wao, na hapo hata mbishi wao mkubwa hutakuwa na haja ya kumhubiria. Watacheka. Wengine watakasirika kwamba uliwacheza shere, na hawatakosea. Kicheko hicho na hasira hiyo vyote ni vyako, vipokee, kwa sababu mpaka leo amekuwa akivipokea bibi mwenye bega lililovunjika.

Nimelibakiza moja kwa makusudi, na hili halingoji Jumapili, wala halingoji mama yako apoe. Barua yako yote imemtaja Mama Nzai, umeniambia bega lake, kikapu chake, sauti yake, na hujaniambia hata pahali pamoja kwamba umekwenda kwake. Nenda leo, kabla Nzai hajamchukua. Nunua mahamri, ukae pale pale mlangoni uyale watu wakiona. Atakuuliza, maana lazima anajiuliza kila siku, ni kwa nini pazia lilimkataa yeye. Usimtajie programu wala mstari, hayo atayasikia baadaye. Mshike ule mkono usiopanda, umwambie, "Hawe, hukukataliwa. Nilipolitengeneza, sikukufikiria wewe." Ni maneno mazito kumtamkia aliyekulisha tangu uko nasari, lakini ndiyo kweli yenyewe, na tangu lianze jambo hili hakuna aliyempa.