Mafuta ya Asubuhi Tu

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimerudi Kibaha na tope la Kisarawe mpaka magotini. Na aibu. Lile basi la bure la watoto wa shule ya msingi, nililoliandikia bajeti kwa mkono wangu, linaishiwa. Zimebaki wiki tano shule zifungwe. Dizeli ya wiki mbili na nusu!

Badru, dereva, kanieleza taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. Dada Aneth, ulipima njia ya kiangazi.

Kweli. Septemba nilipita na pikipiki, nikakata bondeni pakavu, kilomita tisa. Masika bonde linajaa, basi linazunguka juu. Kumi na tisa! Afisa mipango mzima. Mvua sikuipangia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeomba nyongeza. Evodius, bosi wangu, kacheka. Kasema bure ni kwa mtoto. Halmashauri inalipa kila tone. Kama nataka dizeli zaidi, basi niseme — aichukue kwenye gari la chanjo?

Akamaliza: safari moja kwa siku. Kwenda au kurudi, niwaulize wazazi halafu nisaini kibali mwenyewe. Mwoga mkubwa! Hataki jina lake liwepo pale.

Kilomita zangu sijamwambia. Na mimi mwoga.

Jumatatu, 12 Mei

Kikao shuleni. Wazazi kama thelathini, wengi akina mama. Nikauliza: basi liwalete asubuhi au liwarudishe mchana?

Bibi Mwamini ndiye aliyesimama. Analea mjukuu, Zawadi, darasa la pili. Kasema asubuhi, mwanangu. Mtoto akilowa asubuhi anashinda na nguo mbichi mpaka saa nane. Mchana watarudi kwa miguu wakiokota kuni, ndivyo walivyozoea. Wote wakaitikia.

Nikasaini. Asubuhi.

Nilipomwamkia wakati wa kuondoka, alinishika mkono. Marahaba, asante, mmetusaidia sana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitakiwa kumwambia pale pale — Bibi, nilikosea mimi, mafuta yangetosha. Nikasema karibu.

Jumanne, 13 Mei

Naandika ndani ya basi, kiti cha mbele.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Watoto wakavu, wanapiga kelele, Zawadi kanionyesha jino lililong'oka. Nikafurahi kijinga.

Saa nane wakaruhusiwa. Wa mbali wakatangulia kwa miguu, basi likabaki limeegeshwa na mafuta yake ya kesho. Mvua ikaanza. Si mvua ya kawaida!

Mwalimu Mwinyijuma, mkuu wa shule, akaja mbio, kalowa chapa. Juu kumenyesha tangu adhuhuri, kasema, bonde linajaa. Na watoto hawawezi kuzunguka kilomita zote zile, watakata humo humo.

Badru alikuwa ameshashika ufunguo. Dada, niwashe?

Nikamwambia asubiri. Mungu wangu, nikamwambia asubiri! Nimpigie Evodius kwanza, kibali kinasema asubuhi tu. Simu haipatikani. Nikajaribu tena. Tena. Dakika ishirini nzima, Badru ananitazama, ufunguo mkononi.

Mwishowe nikapiga kelele, washa!

Sasa tupo ukingoni. Maji ya udongo, yanakwenda kwa kasi, ng'ambo haionekani kwa mvua. Hapa kwenye nyasi kuna mizigo ya kuni. Midogo midogo, imefungwa kwa kamba za migomba. Imewekwa chini vizuri, mmoja pembeni ya mwingine.

Watoto siwaoni.

Labda wamevuka kabla. Labda wameitua ili wawe wepesi, wakashikana mikono, wakapita. Labda.

Badru kashuka, maji yanamfika magotini. Anaita. Zawadi! Zawadi wee!

Lazima nishuke na mimi. Taa za basi zinawaka, injini inanguruma, na mafuta yaliyomo yanatosha kumfikisha kila mtoto kwao.