Tundu la Msumari Kwenye Jani la Kahawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Moshi
Jina: Theopista Eliona Mmasi
Umri: Miaka 31
Kazi: Mchoraji wa kompyuta, duka la uchapaji nyuma ya soko kuu
Makazi: Njoro, Moshi. Nyumbani ni Mwika.
Tarehe: 14/6/2002, saa 3:15 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Huo uongo wenyewe ningeutoa wapi, tangu juzi sijalala.

Ninachora kwa programu ya Corel tangu mwaka 1998. Mnamo mwezi Machi 2000 nilichora pakiti ya dawa ya kupulizia kahawa ya kampuni moja ya hapa mjini: matunda matatu na jani moja kubwa juu yake. Mchoro huo niliuchora mwenyewe, mstari kwa mstari. Afande aandike kwamba mchoro wa namna hiyo si kama picha ya kamera. Kila kitu unaweza kukishika peke yake. Jani langu ni mstari mmoja wenye nukta nane. Ukivuta nukta, jani linapinda, na hata ukilikuza litoshe ukutani halichakai.

Mnamo tarehe 3/6/2002, saa 10 jioni, nilimpa Mzee Shakiru Fikirini disketi yenye mchoro huo. Ni fundi wa kuchapa fulana, karakana yake iko mtaa wa pili kutoka dukani kwetu. Kampuni ilimwagiza fulana za maonyesho ya wakulima, naye alihitaji mchoro wa kutengenezea filamu ya kuchapia. Sheria ya duka letu ni kwamba disketi ya mteja haitoki nje. Mimi niliitoa bila kumwambia bosi wangu, Bwana Theodory. Bosi alikuwa safarini, na Mzee Shakiru ndiye aliyenifundisha kuchanganya rangi nikiwa sijui hata kushika brashi. Ningemkataliaje?

Tarehe 12/6/2002, saa 4 asubuhi, askari walimkamata Mzee Shakiru. Pakiti bandia za dawa ile zilikuwa zimeenea vijijini, ndani yake unga uliotiwa rangi. Shangazi yangu Margareta wa Mwika alipulizia shamba zima na kahawa ikaendelea kuoza mtini. Karakanani kwa mzee zilikutwa fulana zenye picha ileile, rangi bado mbichi, na disketi yangu.

Saa 6 mchana mke wake, Mama Mwanajuma, alikuja dukani, akihema mlangoni. Akasema, "Theo, wamemchukua na ndala miguuni. Amefanya nini baba wa watu?" Nilimjibu, "Pole, mama, Mungu atasaidia." Sikumwambia disketi ni yangu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nilinyamaza siku nzima, na ninaona aibu kulisema hilo mbele ya afande.

Jana tarehe 13/6/2002, saa 2 asubuhi, nilimweleza bosi. Alifoka, "Mpaka disketi ya mteja, Theopista!" Halafu akakaa, akavua miwani, akasema, "Nenda kaseme polisi. Yetu tutayamaliza hapahapa."

Saa 3 nilifika hapa kituoni, nikapokelewa na Sajenti Doris, nikamweleza habari ya disketi. Aliniambia, "Dada, picha ni moja, na disketi tumeikuta kwake. Unataka nikusaidieje?" Niliomba nione pakiti bandia. Kwenye jani palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mahindi, lenye mkia ulioelekea juu. Nikasema, "Jamani! Hili doa mimi silijui."

Sajenti alilitazama. Yeye ni mzaliwa wa Mkuu, Rombo. Akasema, "Hili mimi nalijua. Ni tundu la msumari. Kwetu wenye maduka hutundika pakiti ukutani, uzito unachana karatasi kwenda juu." Lakini pakiti aliyoishika haikuwa na tundu lolote. Tundu lilikuwa limechapwa kwa wino.

Saa 5 tulikwenda wote dukani kwetu na disketi. Nilifungua mchoro wangu: jani safi, nukta nane. Kisha nikachukua pakiti halali, nikaitundika kwenye msumari na kuivuta kidogo, nikaiweka kwenye skana na kuiamuru programu ichore yenyewe. Mashine haijui jani wala tundu, inafuata chochote ilichokiona. Nilipolishika jani, nukta zilikuwa mia tatu na zaidi, kama ulezi uliomwagika, na tundu limekuwa doa jeusi lenye mkia. Sajenti akalinganisha na pakiti bandia, akasema, "Loo!" Nikamwambia, "Afande, mwenye mchoro safi mkononi atahangaika na pakiti iliyotoboka ya nini?" Akaanza kuandika.

Leo asubuhi nimeambiwa kwamba jana alasiri, katika duka moja la Sanya Juu, zimekutwa pakiti zilizotundikwa, skana na magunia ya unga. Mwenye duka simfahamu. Nimeambiwa pia kwamba Mzee Shakiru hatatoka mpaka iandikwe rasmi disketi ilifikaje kwake. Basi iandikwe: nilimpa mimi, kwa mkono wangu, na kosa la kuitoa ni langu. Nikifukuzwa nitafukuzwa. Tangu nimeyatamka haya kifua kimekuwa chepesi, nashukuru Mungu.

Niliyoyajua nimeyasema yote, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: T. E. Mmasi

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Mtuhumiwa Shakiru Fikirini ameachiwa huru saa 4:50 asubuhi. Shahidi alimwamkia shikamoo akaanza kuomba radhi. Mzee alijibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akamuuliza kama fulana zimekauka. Shahidi alilia na kucheka kwa pamoja, akashindwa kuandika tarehe chini ya sahihi yake. Nimemwandikia mimi.

Sajenti Doris M., 14/6/2002