Niliitangazia Maktaba Kifo, Sasa Tangazo Haling'oki

Shangazi Nedyalka mpendwa, msaada naomba, ingawa mimi Gencho Prodanov si mtu wa kuomba, na jina langu litoe lote gazetini, simwogopi mtu. Mimi ni mwashi, nusu ya mji huu nimeujenga kwa mikono hii, na hakuna nilichokibandika mimi kikabanduka, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Meya wetu alisema baraza halina fedha za kuni za jiko la kupasha joto maktaba wala mshahara wa Stoyna, mkutubi wetu, maana eti watu siku hizi hawasomi, na Ijumaa ijayo madiwani watapiga kura, ifungwe au ibaki, basi nikapandwa na hasira, nikasema kilabuni mbele ya wote, "Dawa yake ninayo mimi," nikaenda kwa yule anayechapa matangazo ya misiba, nikamwambia nichapie moja kubwa, msalaba juu, picha katikati, mstari mweusi pembeni kama kawaida: Kwa huzuni kuu tunawatangazia kifo cha mpendwa wetu Maktaba, ameuawa na Baraza. Nikalibandika kwenye mlango wa maktaba, gundi chini, nailoni juu lisilowe, misumari pembe zote, kazi safi, fundi yeyote aje akague.

Siku ya kwanza watu walicheka, wakaninunulia rakia mpaka nikakataa glasi, na mimi kukataa glasi si kawaida. Lakini kwetu, Shangazi, mlango wenye tangazo la kifo watu huenda kutoa pole, hawaendi kuazima kitabu. Wakaanza kurudisha vitabu, eti hawataki kudaiwa na marehemu. Bibi mmoja akaleta ngano ya kuchemsha ya matanga, akaiweka kizingitini na mshumaa. Majirani waliokuwa wameahidi kuchangia kuni wakabaki nazo makwao. Meya naye akapita, akasoma, akacheka mpaka akavua miwani: "Mmemzika wenyewe, halafu mnataka mimi nimnunulie maiti kuni?"

Stoyna akatoka nje, mikono kiunoni. "Babu, karatasi yako, mkono wako. Itoe."

Nikamwambia, "Mwanangu, tangazo la kifo halitolewi na mtu. Mvua na jua ndivyo vinavyolitoa. Anayeling'oa anakiita kifo nyumbani kwake."

"Mvua gani, babu? Si umelivalisha nailoni!"

Na ni kweli. Mke wangu Zlatina naye kaapa, "Ukiling'oa, usinirudie hapa na kifo mfukoni." Nikienda kilabuni, Minko hangoji hata niketi: "Gencho, arobaini ya marehemu lini, tuje na vijiko?" Sasa situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natoka, naenda hadi kwenye ule mlango narudi, natazama mawingu kama mwenye shamba, na hata yakija najua kazi yangu, haling'oki.

Usidhani ni kwa faida yangu. Vitabu havinihusu, shule niliiacha darasa la nne nikachunge mbuzi, na barua hii naiandika kwa kalamu ya useremala. Pale huwa napita tu wakati wa baridi kupasha miguu, Stoyna anatusomea magazeti sisi wazee, na ukurasa wako huu pia, na mara moja alikuwa akitusomea kitabu cha mtu aliyepotelewa na punda wake mlimani, mafua yakanilaza, wakamaliza bila mimi, na kuuliza mwisho wake sikuweza, wangedhani napenda hadithi. Niambie basi, nilitoe au ningoje mvua?

Gencho Prodanov, mwashi

*

Mzee Gencho,

Shikamoo, kisha nisikilize, maana umri wako hautakukinga na maneno yangu.

Hasira yako ilikuwa ya haki. Ulikuwa mtu wa kwanza mjini kwenu kumpigia meya kelele, na kwa hilo nakupa heshima. Lakini ulitaka kusifiwa kilabuni kuliko ulivyotaka jiko liwake. Kuni ngapi ulipeleka wewe mwenyewe? Barua yako ndefu, kuni sizioni.

Mila naijua, nami siing'oi karatasi ya mfu. Ila tangazo la aliyekufa ni msiba, na la aliye hai ni uongo, na uongo huondolewa na aliyeusema, si na mawingu. Mwambie hivyo Zlatina. Akikataa, aje na mshumaa wake asimame karibu, kwani mama huyo anakupenda, ndiyo maana anaogopa.

Usiende kwa kujificha. Nenda siku ya soko, watu wakiwa wengi, na maji ya moto na patasi. Misumari kwanza, gundi baadaye, usiuharibu mlango. Akija Minko na kijiko chake, mpe shoka: arobaini ya marehemu ni kupasua kuni, na za kwanza zitoke uani kwako. Wazee wenzako wanaoota moto pale maktaba waingie ndani, kila mmoja ajiandikishe na aazime kitabu, hata asiyejua kusoma; wajukuu watamsomea. Ijumaa nendeni kwenye kikao mkiwa na vitabu hivyo kwapani. Meya alisema watu hawasomi. Msimtukane. Kaeni mbele yake, mvifungue.

Na wewe, mzee, usiniambie tena habari za miguu. Mtu hawi na wasiwasi namna hiyo kwa ajili ya miguu. Ukishalitoa tangazo, ingia, funga mlango nyuma yako joto lisitoke, na umwombe Stoyna kitabu cha yule punda, kwa sauti, wote wasikie.

Mimi nimekisoma. Najua kama punda alipatikana. Sikwambii.

Shangazi Nedyalka