Simu Yangu Inanipa Ninachopenda Tu, Nimechoka

Mshauri wetu wa gazetini,

Mimi nina miaka sabini na tisa, nimezika redio tano, baiskeli tatu na daktari aliyenikataza chumvi, na mageti niliyochomelea ujanani mpaka leo hayajalegea bawaba, kwa hiyo anayekuandikia si mtu wa kuyumbayumba, ila kuna jambo limenishinda naomba unisaidie.

Mimi na mama watoto tulikuwa na simu moja, jioni tunakaa kwenye benchi la jikoni tunaiambia kwa mdomo itutafutie video, mimi naiambia ndondi, yeye anaiambia keki za kupambwa, basi ile simu ikachanganyikiwa, inaleta ndondi, inaleta keki, inaleta ng'ombe anazaa mapacha ambaye hakuna aliyemwomba, nami kila siku nanung'unika kwamba mwanaume mzima napakwa krimu usoni. Kitinda mimba wetu akachoka kunisikiliza, akaninunulia yangu peke yangu, akasema, "Baba, hii itakariri unachopenda, haitakuletea kingine." Mke wangu akaniambia mbele ya mkwe, "Umepata yako, mzee. Usinirudie hapa." Nikamjibu sirudi, na mimi nikisema nimesema.

Kweli imenikariri. Asubuhi ndondi, mchana ndondi, sasa mabondia wote naona ni mtu mmoja anabadilisha kaptula, na atakayeanguka namjua kabla hajaanguka. Nakaa sebuleni peke yangu kama mgonjwa, mwenzangu yuko jikoni anacheka mpaka anakohoa na mimi sijui anacheka nini. Nikaiambia simu yangu inipe vitu anavyopenda mke wangu, ikaniletea wanawake wanapigana ndondi. Nifanyeje nirudi bila kuonekana nimerudi?

Haya ni kweli tupu, fundi viatu jirani yangu anayajua, kitinda mimba anayajua, mke wangu pia anayajua ila yeye usimwulize.

Mchomelea mageti

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nimecheka, nikakuonea huruma, kisha nikakukasirikia.

Simu yako haina kosa. Umeiomba ndondi tangu siku ya kwanza, ulitaka ikuletee nini, mahubiri? Na ile ya zamani haikuchanganyikiwa hata kidogo, ilikuwa imewajua ninyi wawili. Huyo ng'ombe wa mapacha, sema ukweli, si mlimwangalia mpaka ndama wa pili akasimama?

Sasa fanya hivi. Hiyo mpya ibaki ya kupigia watoto. Kesho jioni nenda jikoni mikono mitupu, usijifanye unatafuta kiberiti, maana mama huyo alikukariri miaka mingi kabla ya simu yoyote. Keki ikija, nyamaza uitazame mpaka mwisho. Ndondi ikija, usimhadithie nani ataanguka. Na kama neno "nimekosea" halipiti kooni, usilisukume kwa nguvu katika umri huo. Simama karibu na benchi, umwambie tu, "Sogea kidogo."

Atasogea.